Washtakiwa wameachiwa huru, upande wa mashtaka unakata rufaa: ushahidi wangu unakwenda wapi?

ShahidiWaSaba aliuliza:

Habari zenu ndugu. Naomba msaada wa wanasheria na yeyote aliyewahi kupitia jambo kama hili. Nchi sitaitaja, wala taasisi.

Mimi ni mkaguzi wa ndani katika taasisi ya umma. Miaka minne iliyopita, nikipitia malipo ya robo mwaka, nilikuta hati za malipo 34 za vifaa ambavyo havikuwahi kuingia ghalani. Leja ya ghala haikuwa na chochote kwa tarehe zote hizo, lakini kila hati ilikuwa na saini ya mpokeaji na muhuri. Niliandika ripoti, ripoti ikafika kwa wachunguzi, watumishi wanne wakashtakiwa kwa matumizi mabaya ya madaraka na kuisababishia taasisi hasara. Mimi nikawa shahidi wa saba wa upande wa mashtaka.

Nilitoa ushahidi siku mbili. Ya pili ndiyo iliyonivunja. Nilipoomba hati zangu zipokelewe kama vielelezo, wakili wa utetezi alisimama akasema hivi ni vivuli, yaani nakala tu, asili ziko wapi? Nikajibu ukweli: asili zilikuwa kwenye kabati la ofisi ya mshtakiwa wa kwanza, na wachunguzi walipofika walikuta kabati limefunguliwa na halina kitu. Baada ya mabishano ya karibu asubuhi nzima, mahakama ilipokea hati 15 tu, zile ambazo benki ilileta asili zake. Vivuli 19 vilikataliwa, nikarudishiwa mkononi nikiwa bado kizimbani, mbele ya watu wote.

Hukumu imesomwa juzijuzi, kurasa 61. Wote wanne wameachiwa huru. Hakimu alisema mimi nilionekana shahidi mkweli, lakini hasara iliyoandikwa kwenye hati ya mashtaka imejengwa juu ya hati 34 na mbele yake zipo 15, kwa hiyo shtaka halikuthibitishwa pasipo kuacha shaka. Mwendesha mashtaka alinipita koridoni akasema, "Tunakata rufaa," akashuka na majalada yake.

Mshtakiwa wa pili ameshapewa barua ya kurudi kazini. Tunapishana kwenye ngazi. Mimi namsalimia.

Je, mtu akishaachiwa huru na mahakama, inawezekana kweli kumrudisha? Nitaitwa tena kusimama pale? Na hili ndilo linaloninyima usingizi: kama kesi ilianguka kwa sababu ya vivuli vyangu, si rufaa nayo itaanguka hapo hapo? Sihitaji kufarijiwa. Nataka kuelewa.

MzeeWaMajalada alijibu:

Mwanangu, pole, na ahsante kwa kusimama siku mbili. Nimekuwa wakili wa serikali miaka 26, sasa nimestaafu. Mashahidi wengi nimewaona wakigeuka siku ya kwanza saa ya chai. Wewe ulirudi siku ya pili.

Umefanya vizuri kutotaja nchi, kwa hiyo nitakueleza njia zilivyo katika sheria za mataifa, wewe utaijua ya kwenu.

Kuna nchi ambako mlango huo umepigwa misumari. Marekani ndiyo mfano mkubwa. Marekebisho ya Tano ya Katiba yao yanakataza mtu kushtakiwa mara mbili kwa kosa lile lile, na mahakama zao zimeyasoma kwa maana kwamba akiachiwa, ameachiwa. Mwaka 1962, katika shauri la Fong Foo, jaji alilitaka baraza la wazee wa mahakama liwaachie washtakiwa kabla upande wa mashtaka haujamaliza hata kuleta mashahidi wake. Mahakama ya Juu ilikubali kwamba msingi wa uamuzi ule ulikuwa mbovu kupita kiasi, ikasema hata hivyo haugusiki. Ufilipino ilipata kanuni hiyo ilipokuwa chini ya Marekani: mwaka 1904, katika shauri la Kepner, wakili wa Manila aliyeshtakiwa kwa kula fedha za mteja aliachiwa, akatiwa hatiani kwenye rufaa ya serikali, na mahakama ya Washington ikaifuta hatia hiyo.

Kuna nchi ambako mlango uko nusu wazi. Kanada mwendesha mashtaka anaweza kukata rufaa kwa hoja ya sheria peke yake. Hawezi kwenda kusema, "Hakimu alipaswa kumwamini shahidi wangu." Kenya nayo ilikuwa hivyo, DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka, akibanwa kwenye hoja za sheria, mpaka kifungu cha 348A cha sheria yao ya mwenendo wa makosa ya jinai kilipobadilishwa mwaka 2014, akaruhusiwa kupinga na namna ushahidi wenyewe ulivyopimwa.

Na kuna nchi ambako mlango uko wazi. Tanzania, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inampa DPP asiyeridhika na mshtakiwa kuachiwa na mahakama ya chini nafasi ya kwenda Mahakama Kuu. India vilevile, na Mahakama Kuu za majimbo yao zinaweza kuupitia ushahidi wote upya, jambo lililothibitishwa tangu shauri la Sheo Swarup mwaka 1934.

Swali lako la pili. Kwa kawaida hutaitwa. Watu wengi hawalijui hili: rufaa haisikilizi mashahidi, inasoma. Kinachopanda juu ni mwenendo wa kesi, yaani kila neno lililoandikwa ukiwa kizimbani, pamoja na vielelezo na hukumu. Majaji hawatakuona uso. Watakusoma. Kwa hiyo kama ulisema kwa sauti kwamba kabati lilikutwa halina kitu, na karani au hakimu akaliandika, sentensi hiyo ina uzito kuliko jambo lolote utakalolisema leo.

Lakini iko tofauti moja, na ni ya haki. Mwalimu mkuu mmoja nchini Moldova alishtakiwa kwa kuomba rushwa. Mahakama ya kwanza haikuwaamini mashahidi, ikamwachia. Mahakama ya rufaa ikasoma maelezo yale yale kwenye karatasi, ikayaamini, ikamtia hatiani bila kumwita shahidi hata mmoja. Mwaka 2011, katika shauri la Dan dhidi ya Moldova, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema hapo hakuna haki: ukitaka kugeuza uamuzi wa kumwachia mtu kwa kumwamini shahidi ambaye mwenzako aliyemwona hakumwamini, sharti umsikie mwenyewe. Italia iliingiza sharti la namna hiyo kwenye sheria yake mwaka 2017. Sasa angalia la kwako. Hakimu alikuamini. Kwa hiyo hata huko hakuna sababu kubwa ya kukusimamisha tena.

La tatu, vivuli. Hapa nisikilize vizuri, maana naona umejibebesha mzigo ambao si wako. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya ushahidi ya Kiingereza, kivuli hakikataliwi kwa kuwa ni kivuli. Kinakataliwa kwa kuwa hakuna aliyejenga njia ya kukipitisha. Asili ikiwa imepotea, imeharibiwa, au iko mikononi mwa mshtakiwa ambaye amepewa notisi ya kuileta na hakuileta, kivuli kinaweza kupokelewa. Je, notisi hiyo ilitolewa? Mchunguzi aliyekuta kabati halina kitu aliitwa kabla yako au baada yako? Aliulizwa habari za kabati? Aliyeandaa orodha ya mashahidi ndiye wa kuulizwa, mwanangu, si shahidi wa saba.

Na uamuzi wa kukataa kielelezo ni hoja ya sheria. Hata kule mlango ulikofunguliwa nusu, hoja hiyo inapita. Kwa hiyo jambo unaloliogopa kuwa ndilo litakaloiua rufaa, kama msingi uliwekwa kwenye mwenendo, huenda ndiyo sababu ya kwanza ya rufaa yenyewe. Afrika Kusini kesi ya Nulane, ya mkataba wa serikali ya jimbo wa randi milioni 24.9, ilianguka Aprili 2023. Mabishano makubwa yalikuwa juu ya nyaraka, vivuli vikiwemo. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya Rufani ya huko iliufuta uamuzi ule, ikaruhusu mashtaka yaanze upya.

Iko kasoro moja nitaisema ili usiingie na matumaini ya bure. Kesi kuanza upya si jambo la kuomba tu ukapewa. Kila mwanasheria wa Afrika Mashariki amefundishwa shauri la Fatehali Manji la mwaka 1966: kesi hairudishwi kusikilizwa upya ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo yake. Hakimu akikosea, inaweza kurudi. Sisi waendesha mashtaka tukizembea, tumezembea.

WakiliWaUtetezi alijibu:

Shikamoo mzee. Nimekusoma kwa heshima, na mengi uliyoyasema ni sawa. Lakini dada yetu amesikia upande mmoja, naomba nami nimwambie upande ninaokaa.

Mtu anaingia mahakamani akidhaniwa hana hatia. Akitoka ameachiwa, dhana hiyo haibaki pale pale, inaongezeka nguvu. Mahakama ya Juu ya India iliyaweka wazi mwaka 2007 katika shauri la Chandrappa: mwenye kuachiwa ana dhana mara mbili, ile ya kila mtu na ile aliyoithibitisha mahakama, na kama ushahidi unaweza kusomeka kwa njia mbili zote za busara, mahakama ya rufaa isiguse. Haitoshi jaji wa juu aseme, "Mimi ningeamua vingine." Lazima aonyeshe kwamba hakimu alifika mahali ambapo mtu mwenye akili timamu asingefika.

Na hakimu wenu, kwa jinsi ulivyoeleza, alifanya hesabu iliyo wazi. Hati ya mashtaka inasema hasara ni ya hati 34. Zilizopokelewa 15. Mimi ningekuwa pale ningemshauri mwendesha mashtaka abadilishe hati ya mashtaka mapema, kabla utetezi haujaanza. Sheria karibu zote zinaruhusu. Hakufanya. Hilo haliwezi kuwa kosa la hakimu, wala la washtakiwa.

Halafu kuna muda. Kesi ya masafa ya simu ya 2G kule India: washtakiwa wote waliachiwa tarehe 21 Desemba 2017. Wachunguzi wakakata rufaa Machi 2018. Ruhusa tu ya rufaa kusikilizwa ilitoka tarehe 22 Machi 2024. Miaka sita mtu ameachiwa huru na bado hajaachiwa. Nimewatetea watu wa namna hiyo, nimekaa nao kwenye benchi za koridoni. Hawapandishwi vyeo wala hawakopesheki.

Simtetei mwizi. Ninachosema ni kwamba rufaa ya serikali dhidi ya mtu aliyeachiwa iwe silaha ya nadra, inayotumiwa na mtu aliyekaa chini akaisoma hukumu yote mpaka ukurasa wa mwisho. "Tunakata rufaa" iliyotamkwa koridoni dakika chache baada ya hukumu ya kurasa 61 inanitia wasiwasi.

Msomaji_Mpya alijibu:

Mnazunguka tu. Hakimu kala mlungula, kwisha. Dada usipoteze muda.

MzeeWaMajalada alijibu:

Kijana, unajua hivyo kwa njia gani? Kama una ushahidi, peleka kwenye mamlaka ya uchunguzi, maana hilo ni kosa la jinai linalosimama peke yake. Kama huna, umemtupia mtu doa usiloweza kulifuta, ndilo jambo lile lile tunalolalamikia hapa.

Nitasema hili kwa sababu swali lenyewe ni la maana hata kama limeulizwa vibaya. Hata Marekani, ambako nimesema mlango umepigwa misumari, hukumu iliyonunuliwa haikulindwa. Harry Aleman wa Chicago aliachiwa mwaka 1977 katika kesi ya mauaji. Miaka mingi baadaye ikajulikana jaji alikuwa amehongwa dola 10,000. Akashtakiwa upya, akatiwa hatiani mwaka 1997, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema hakuwahi kuwa katika hatari ya kutiwa hatiani kwenye ile kesi ya kwanza, kwa hiyo hawezi kulalamika kwamba ameshtakiwa mara mbili. Lakini hilo lilithibitishwa kwa mashahidi na viapo. Hakimu kukataa vielelezo vyenye kasoro si dalili ya hongo.

Wakili msomi, marahaba. Juu ya dhana mara mbili sina ubishi, nimepigwa nayo mara nyingi. Ila kuna jambo moja ambalo kesi za rushwa za umma zinatofautiana na za mapigano au wizi wa usiku. Tunaziheshimu mahakama za chini kwa sababu ziliwaona mashahidi: nani alitetemeka, nani alijibu haraka mno. Hati ya malipo haitetemeki. Jaji wa rufaa anaiona kama hakimu alivyoiona, na akiwa na kikokotoo mkononi anaweza kuiona vizuri zaidi.

Kumbuka kesi ya Jayalalithaa, kiongozi wa serikali ya jimbo la Tamil Nadu, ya mali zisizolingana na kipato. Alitiwa hatiani Septemba 2014. Mei 2015 Mahakama Kuu ya Karnataka ikamwachia pamoja na wenzake watatu, ikisema ziada ya mali ni asilimia 8.12 tu, chini ya asilimia 10 ambayo mahakama za huko huivumilia. Watu wakarudi kwenye jedwali la mikopo ndani ya hukumu, wakajumlisha wenyewe. Jumla iliyoandikwa ilikuwa rupia 241,731,274. Jumla sahihi ilikuwa 106,731,274. Mikopo ilihesabiwa kama kipato halali, kwa hiyo kosa moja la kujumlisha liliongeza milioni 135 za kipato ambacho hakikuwepo. Jimbo la Karnataka likakata rufaa, na tarehe 14 Februari 2017 Mahakama ya Juu ikarudisha hatia ya wale watatu. Jayalalithaa mwenyewe alikuwa amefariki Desemba 2016, shauri lake likakoma.

Hapo hakuna jaji aliyehitaji kumtazama shahidi usoni. Ndiyo sababu siamini kwamba mlango huu ufungwe kabisa kwa kesi za fedha za umma.

BintiYake alijibu:

Nimesoma yote, nimesita kuandika. Mimi ni mtoto wa mtu aliyekuwa mshtakiwa.

Baba alikuwa mhasibu msaidizi. Saini yake ilikuwa kwenye karatasi moja katika jalada zima, akaunganishwa na wakubwa wake. Alishtakiwa nikiwa kidato cha pili. Aliachiwa nikiwa nimemaliza shule, tukalia wote sebuleni, mama akapika usiku ule kama siku ya arusi. Siku chache kabla muda haujaisha, ikaletwa karatasi ya kusudio la kukata rufaa. Baba aliisoma amesimama mlangoni, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati.

Ilichukua miaka mitano. Mwajiri alisema hawezi kumrudisha kwa sababu shauri halijaisha. Alikuwa na shati moja la mahakamani, jeupe, alilifua mwenyewe kila mara shauri lilipotajwa. Mara shauri limeahirishwa, mara jaji kahamishwa, mara mwenendo haujachapwa wote. Mwisho rufaa ikatupwa. Uamuzi ulisomwa kwa muda mfupi kuliko tuliotumia kutafuta chumba namba ngapi. Hakuna aliyemwambia samahani.

Dada ShahidiWaSaba, sikuchukii. Kama hati zile zilikuwa za uongo ulifanya kazi yako. Nilitaka tu ujue upande wa pili wa ngazi hizo kuna nini.

ShahidiWaSaba alijibu:

BintiYake, nimeisoma kazini, nikatoka nje. Ahsante kwa kuandika. Mpe baba yako salamu zangu, kama si vibaya.

Umenikumbusha mshtakiwa wa nne. Ni kijana, karani wa masjala. Saini yake iko kwenye hati mbili tu kati ya 34, na hizo mbili aliandika "kwa niaba". Nililisema kizimbani nilipoulizwa na wakili wake. Nilisema wazi kwamba sikuona dalili kuwa alijua vifaa havikufika. Mwendesha mashtaka alinitazama vibaya, lakini ndivyo nilivyoona kwenye karatasi, ningesema nini kingine?

Mzee, wakili, je, rufaa lazima iwabebe wote wanne? Kama inawezekana kumwacha yule kijana, nani wa kumwambia mwendesha mashtaka?

WakiliWaUtetezi alijibu:

Si lazima, dada. Kila mshtakiwa ameachiwa kivyake hata kama hukumu ni moja. Serikali inaweza kukata rufaa dhidi ya mmoja ikawaacha watatu. Na ulichokisema kizimbani kuhusu yule kijana kimo kwenye mwenendo. Wakili wake akiwa makini, ukurasa huo ndio atakaoufungua kwanza. Umemsaidia kuliko unavyodhani, na umeisaidia mahakama kukuamini katika mengine. Shahidi anayesema lenye kumfaa mshtakiwa pia ndiye anayeaminika.

Usimwandikie mwendesha mashtaka kumshauri amwache nani. Si kazi ya shahidi.

MzeeWaMajalada alijibu:

Namuunga mkono wakili. Na BintiYake, mimi nilikuwa upande ule ulioleta karatasi za namna hiyo milangoni kwa watu. Nimewahi kusaini kusudio la rufaa kwa washtakiwa sita wakati ushahidi ulitosha kwa wawili, kwa kuwa hukumu ilikuwa moja na ilikuwa rahisi kuandika "washtakiwa wote". Wale wanne walingoja bure. Nakuomba radhi mimi, ingawa baba yako hakuwa katika jalada langu.

Sasa shahidi wetu, mambo ya kivitendo, maana muda haungoji.

Rufaa nyingi za aina hii hazifi kwa hoja, zinafa kwa kalenda. Tanzania kusudio linatolewa ndani ya siku 30 na hati ya rufaa ndani ya 45, ukiondoa muda wa kungoja nakala ya mwenendo na hukumu. Kenya ni siku 14, na mahakama inaweza kuongeza kwa sababu ya msingi, kwa mfano nakala zikichelewa ingawa ziliombwa. Maneno hayo "ziliombwa" ndiyo yaliyonifundisha mimi. Nilikuwa na rufaa nzuri, nyaraka safi, hakimu alikuwa amekosea waziwazi. Nilimwomba karani nakala kwa mdomo, tulikuwa tunafahamiana, akasema, "Zinachapwa, mzee." Zikachapwa miezi minne. Nilipofika juu wakaniuliza barua ya maombi iko wapi, yenye muhuri wa kupokelewa. Sikuwa nayo. Rufaa ikaondolewa bila hoja hata moja kusikilizwa. Mtu yule yuko huru mpaka leo, na mimi ndiye niliyemwachia.

Kwako wewe: usizungumze na mashahidi wenzako juu ya ushahidi. Usiende masjala ya mahakama kuulizia jalada. Ukigundua jambo jipya, kwa mfano mahali asili zilipo, mwandikie mchunguzi wa kesi, barua yenye tarehe, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Mahakama ya rufaa inaweza kupokea ushahidi wa nyongeza, lakini kwa shida sana: utaulizwa kwa nini haukuletwa mara ya kwanza, na kama ungepatikana kwa juhudi ya kawaida utakataliwa. Kazini wakianza kukusumbua, andika kila tukio na siku yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa wa 2003 una kifungu cha 32 juu ya kulinda mashahidi na cha 33 juu ya watoa taarifa. Kama nchi yenu imeuridhia, unayo mahali pa kuanzia.

Na hata rufaa ikishindwa, fedha ni jambo lingine. Shauri la madai la kurejesha hasara linaamuliwa kwa kuona upande upi una uzito zaidi, si kwa pasipo kuacha shaka. Mtu anaweza kuachiwa kwenye jinai na bado akadaiwa.

ShahidiWaSaba alijibu:

Mzee, nimeelewa. Kwa mara ya kwanza tangu hukumu nimelala mpaka alfajiri. Barua ya kueleza yanayonipata kazini nimeiandika, naipeleka Jumatatu.

Nina swali moja dogo. Vile vivuli 19 nilivyorudishiwa kizimbani viko nyumbani kwenye bahasha ile ile ya kaki. Sijaifungua tangu siku ile. Nilitaka kuifungua leo nivipange kwa tarehe, na juu ya kila kimoja niandike kwa penseli asili yake ilikuwa rafu ipi ya kabati, nisije nikasahau.

MzeeWaMajalada alijibu:

Usifungue. Usiandike hata nukta. Yale ya rafu yaandike kwenye karatasi nyingine kabisa, weka tarehe ya leo, saini. Bahasha ipeleke kwa mchunguzi Jumatatu hiyo hiyo ikiwa imefungwa kama ilivyo, akuandikie hati ya makabidhiano inayosema imefungwa, ina vivuli 19, imetoka kwako, saa ngapi. Usiondoke kabla hajasaini.

ShahidiWaSaba alijibu:

Sawa mzee. Nimeirudisha kabatini.